Mtambo Usiohama, Kijiji Kilichohamishwa

Wiki iliyopita, siku mbili baada ya kukabidhi funguo za karakana pamoja na koti la mvua la Serikali ambalo halikuwahi kuzuia mvua, vijana wawili wa idara walinifuata nyumbani kwangu Hamugembe, Bukoba mjini. Mkoa unatafuta mtambo mpya wa kusaga kokoto, na wao wametakiwa kuandika maoni: ununuliwe wa kusimikwa juu ya zege, au wa magurudumu unaokokotwa kutoka kilima hadi kilima? "Mzee Byarugaba, wewe umeishi na ule wa kusimikwa," wakasema. "Tupe faida na hasara zake." Nikawakaribisha kahawa, nikazungumza habari za mvua. Waliondoka wakidhani mzee amesahau, kumbe mzee hakuiamini sauti yake. Naandika kwa sababu kwenye karatasi sauti haitetemeki.

Niliajiriwa mwaka uliofuata Uhuru, wakati mkoa wetu ukiitwa Ziwa Magharibi. Mtambo uliteremshwa melini kwenye gati la Bukoba vipande vipande, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukaa nyuma ya lori, juu ya sanduku la boliti, nihakikishe halianguki njiani kwenda Kimwani. Nilikuwa na cheti cha darasa la nane na hofu nyingi. Nililikumbatia sanduku lile njia nzima, hata dereva aliposimama kula sikushuka. Halikuanguka, nami kwa sifa hiyo moja nikapewa kazi ya kudumu.

Misingi ya mtambo mnaijua, ingawa leo mbuzi ndio wanaoota jua juu yake. Tulichimba shimo linalozidi kimo cha mtu, tukasuka nondo, tukamwaga zege kwa makarai siku tatu bila kupumzika, maana zege la msingi wa mashine halitakiwi kukauka nusunusu. Aliyetusimamia alikuwa Kaijage, ambaye kwa heshima ya Kihaya tulimwita Ta Kaijage, mzaliwa wa kitongoji cha Bakoba, Mkatoliki mfupi mwenye vidole vinene, aliyejifunza baruti katika migodi ya Uganda. Alikuwa mpiga baruti wetu na fundi wetu pia. Kila mara kabla ya kuwasha utambi alifanya ishara ya msalaba, na mimi Mlutheri nilimtania kwamba anamwonyesha Mungu mahali pa kusimama.

Yeye ndiye aliyenifundisha mashine. Ukitaka kujua hali ya beringi, shika nondo fupi, ncha moja iguse nyumba ya beringi, nyingine iweke sikioni. "Beringi nzima inasema neno moja tu," alisema. "Ikianza kusema mawili, zima kwanza, uulize baadaye." Ukitaka kujua kokoto zitatoka za ukubwa gani, funga donge la madini ya risasi kwenye waya, litumbukize kati ya mataya yanayovunja mawe mtambo ukizunguka mtupu, kisha ulitoe ulipime lilivyobanwa. Jiwe likikwama, mkono usiingie hata ukiwa umezima, tumia ndoano. Katika miaka yote niliyokaa na mtambo ule hakuna aliyepoteza kidole, na ikiwa kuna jambo najivunia bila haya, ni hilo.

Sasa faida, maana ndizo mlizouliza. Mtambo uliosimikwa umetulia. Uzito wote unabebwa na ardhi, hautikisiki, kwa hiyo mataya yanauma sawasawa na kokoto zinatoka za umbo moja. Unaweza kuupa taya kubwa, machekeche matatu, na kanda ndefu za kupandisha kokoto hadi kwenye marundo: za zege huku, za lami kule, chenga za kufyatulia matofali pembeni. Kabla yetu, kokoto za barabara zilipondwa na akina mama kwa nyundo, wakikaa juu ya magunia kando ya njia kutwa nzima. Mtambo ulimaliza kazi yao ya mwezi kabla ya chai ya saa nne. Ukiwa na mwamba mzuri, barabara moja kubwa na maji ya kulaza vumbi, sijui kitu kinachoushinda.

Hasara ni kwamba hauhami. Mwamba unarudi nyuma kila unapoupasua, na mtambo umebaki pale pale, basi kila mwaka tipa linatembea mbali zaidi kuleta mawe mdomoni mwake. Barabara nayo inaendelea kujengwa kuelekea kwingine, kwa hiyo kokoto zinasafiri mbali zaidi kutoka mkiani mwake. Nyakati za masika tipa lililotoka kwetu asubuhi na kokoto za Bukoba lilifika jua likizama, au halikufika. Na mawe yetu ya Muleba yana ukali wa chupa. Mataya yaliyoahidiwa kudumu mwaka yaliisha kabla ya msimu wa senene. Haya yote mtayakuta katika vitabu. Hasara nitakayowaambia sasa sijaikuta katika kitabu.

Mimi ni mwoga. Mke wangu atawathibitishia: nikisafiri na watoto nawahesabu stendi, nawahesabu ndani ya basi, na tukifika nawahesabu tena kana kwamba mmoja angeyeyuka. Ta Kaijage aliligundua hilo mapema na badala ya kunicheka akanipa bendera. Ilikuwa nyeupe, ya kitambaa cha shuka. Siku ya baruti nilizunguka eneo lote, nikahakikisha hakuna mtu, ndipo nikapanda juu ya ukingo wa kilima na kuiinua. Bila bendera ile juu, utambi hauwashwi, hata aagize nani. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," aliniambia. "Mimi nataka kicheko."

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa rahisi. Chini ya kilima palikuwa na nyasi na ng'ombe wachache. Kisha ukaja wakati wa vijiji vya ujamaa. Sehemu nyingi za Buhaya watu hawakusogezwa mbali, vibanja vyao vya migomba vilikuwa vimekwisha kubanana. Lakini upande wetu wa Kimwani nyumba zilikuwa zimetawanyika, na amri ikaja zikusanywe. Wenye kupanga walitafuta mahali penye barabara na bomba la maji. Barabara ilikuwa ni ya tipa zetu, na bomba lilikuwa la kulaza vumbi letu. Basi nyumba zikapangwa mistari minne kwenye mteremko, chini kabisa ya ukuta wa mwamba, mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nikiokota mawe yaliyorushwa na baruti.

Ta Kaijage alimwendea Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Kamugisha, mtu mpole aliyekuwa amepewa mzigo mkubwa kuliko mabega yake. Nilikuwepo.

"Mwenyekiti, waitu, hapa mawe yanaanguka," Ta Kaijage alisema.

"Ta Kaijage, hata mimi nayaona. Basi sogezeni mtambo."

"Mtambo umesimikwa. Umeshikwa na zege kwenda chini kuliko kisima chako."

"Na kijiji nacho kimesimikwa," Mwenyekiti akajibu. "Zege lake ni karatasi yenye mhuri. Nitaanzia wapi?"

Tuliandika barua. Mhandisi wetu naye akaandika. Majibu hatukuyaona. Tangu siku hiyo sikulala vizuri usiku unaotangulia baruti.

Tulijitahidi. Mtambo ulikuwa na king'ora kilichotumia umeme wa jenereta yetu, nacho kilipolia wanakijiji wote waliondoka kwenda nyuma ya kilima, mahali palipokuwa na shamba la muhogo la kijiji. Mimi nilipita nyumba kwa nyumba nikigonga, nikiita, nikichungulia hata vyooni, jambo lililonipatia jina ambalo sitaliandika hapa. Mistari minne, nyumba zote tupu, ndipo nikainua bendera. Mawe yaliangukia mapaa. Bibi mmoja, Ma Kokushubira, mjane mrefu aliyekuwa na sauti ya kuamuru, aliniletea jiwe la ukubwa wa ngumi lililotoboa sufuria yake ya maharage. "Hili ni lako," akasema. "Umelisahau kwangu."

Ma Kokushubira hakupenda mteremko ule. Kibanja chake cha zamani kilikuwa ng'ambo ya bonde, migomba iliyopandwa na baba mkwe wake, na makaburi ya familia yakiwa katikati yake. Alikuwa akirudi huko kwa siri kufyeka na kutandaza majani, yeye na wengine kumi na kitu. Mwenyekiti alijua, akafumba macho. Mimi sikujua, na nani angeniambia? Mimi nilikuwa mtu wa Serikali mwenye bendera. Katika hesabu yangu nyumba ikiwa tupu, mwenyewe yuko nyuma ya kilima pamoja na wenzake.

King'ora kikaungua. Waya za mota yake ziliyeyuka, na kipuri kilitakiwa kutoka nje, wakati ambao hata sabuni ya kufulia ilikuwa habari. Wakati huohuo tulikuwa na oda ya kokoto za daraja, na mvua zikikaribia, na rundo letu likiwa limebaki la kujaza tipa tatu. Kila asubuhi simu ililia kutoka Bukoba. Ndipo nikapata wazo, na naliandika kama lilivyokuja, ili mjue kwamba makosa makubwa huja yamevaa nguo safi. Nikawaza: king'ora ni kelele tu. Watu wana makoo. Nitawaweka wanaume watatu ukingoni wapige yowe kwa zamu.

"Umewauliza?" Ta Kaijage alisema.

"Ta Kaijage, mimi si mgeni. Ni Mhaya kama wao."

"Wewe ni Mhaya wa Hamugembe," akasema, na akarudi kwenye mashimo yake ya baruti.

Mkutano wa kijiji uliitishwa. Nikaeleza: mkisikia yowe, nendeni nyuma ya kilima. Waliokuwepo wakakubali, "Ego." Nilipowataka wale wanaume watatu tufanye majaribio, waligoma. Mmoja akaniambia kwa upole kwamba enduru haipigwi kwa mchezo. Enduru ndiyo yowe lenyewe, lile la hatari. Mtu akiipiga bila sababu, ana kesi mbele ya wazee. Nikamwambia basi, tutafanya siku yenyewe. Alikuwa akinipa onyo, mimi nikadhani ananipa udhuru.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, jua kali, saa tano. Mashimo manane yalikuwa tayari, kila moja na utambi wake mrefu, ili Ta Kaijage atembee badala ya kukimbia. Nilipita mistari yote minne. Nyumba tupu. Wanaume watatu wakapiga enduru, ikaitikiwa na miamba, na nywele za mwili wangu zikasimama kwa sababu ilikuwa enduru kweli, watu hawa hawakujua kuipiga kwa uongo. Nikapanda ukingoni, nikainua bendera. Ta Kaijage akafanya ishara yake na kuanza kuwasha.

Ndipo nikawaona. Walikuwa wakitoka ng'ambo ya bonde, mstari wa watu kumi na watano hivi, mapanga mkononi, wengine na mikuki, wakikimbia kwenye kijia kinachopita chini ya ukuta wa mwamba. Mbele yao alikuwa Ma Kokushubira, kanga imefungwa kiunoni. Walikuwa vibanjani mwao; mkutanoni hawakuwepo. Walisikia enduru, na mtu aliyelelewa vizuri akisikia enduru hakimbii kuikwepa, anaikimbilia. Asiyeitika, siku nyumba yake ikiingiliwa atalia peke yake, na kesho yake ataulizwa mbele za watu: ulikuwa wapi?

Nikatikisa bendera. Wakaongeza mwendo, wakidhani nawaelekeza. Nikapiga kelele warudi. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyokaza mbio. Sauti yangu ndiyo iliyokuwa ikiwavuta chini ya mwamba. Naweza kusema bila aibu kwamba niliogopa hadi nikajikojolea.

Ta Kaijage aliwaona pia. Hakukimbia. Alitoa kisu akaanza kukata tambi, moja baada ya nyingine, mbele ya moto unaotambaa. Mimi nikaporomoka mteremko. Nilipofika kwenye kijia Ma Kokushubira alikuwa hatua chache tu, akihema, macho yakimtafuta adui nyuma yangu. Kumwambia nini? Neno "baruti" lingemchukua muda kulielewa, na muda sikuwa nao. Nikampita. Nikawapita wote, nikielekea walikotoka, na nilipomaliza mtu wa mwisho nikafungua kinywa nikapiga enduru kwa nguvu zangu zote, nikikimbia kuuacha mwamba.

Wakageuka. Mungu awabariki, waligeuka wote wakanifuata, kwa sababu enduru sasa ilikuwa upande ule. Nilikimbia nikiipiga hadi tukavuka mkunjo wa bonde. Nyuma yetu ardhi ikapiga mara moja. Lilikuwa shimo moja kati ya manane. Mawe yakapita juu yetu yakaangukia kijia tulichotoka.

Walinizunguka na mapanga yao. "Yuko wapi?" Ma Kokushubira aliniuliza. "Adui yuko wapi, mwana wange?" Nilikuwa nawahesabu. Nikawahesabu mara tatu, na kila mara walikuwa kumi na sita, kisha nikakumbuka kwamba aliyekosekana hakuwa wa kwao.

Tulimkuta Ta Kaijage amejibanza nyuma ya msingi wa mtambo, kisu mkononi, zege likiwa limekwanguliwa na mawe juu ya kichwa chake. Mkitaka, andikeni hiyo nayo katika faida. Alikuwa mzima viungo vyote, ila damu ilitoka masikioni, na tangu saa ile hakusikia tena beringi, wala kengele ya kanisa, wala mimi nilipopiga magoti kumwomba msamaha. Aliniinua akanionyesha vidole saba, kisha akatikisa kichwa kwa ajili ya utambi wa nane.

Wazee wa kijiji walisikiliza kesi yangu ya enduru. Mmoja alitaka nilipe mbuzi. Ma Kokushubira akasimama, akasema enduru ile haikuwa ya uongo, hatari ilikuwepo, na aliyeileta ndiye aliyeipiga enduru. Hajawahi kuona kesi ya namna hiyo, basi waiache. Wakaiacha. Ningependelea kulipa mbuzi.

Majibu ya barua zetu hatimaye yalikuja, na kwa kasi ya ajabu: king'ora kipya kilifika na meli ndani ya wiki chache. Kuhusu nyumba hapakuwa na neno. Na pamoja na king'ora akaja mgeni mkubwa kutoka mkoani, ambaye cheo chake nakiacha, kushuhudia uzalishaji ukianza upya. Daraja lilikuwa linasubiri. Mashimo yakatobolewa, tambi zikawekwa. Leseni ya baruti ilikuwa ya Ta Kaijage peke yake, kwa hiyo alisimama kwenye mwamba na uziwi wake, akitazama ukingoni kuona bendera.

King'ora kililia vizuri sana. Watu wakatoka majumbani, wakaanza kupanda kwenda nyuma ya kilima. Nikapita mistari minne. Nyumba zilikuwa tupu, kama zilivyokuwa tupu Jumanne ile. Nikapanda ukingoni alipokuwa mgeni na Mwenyekiti, bendera imekunjwa kwapani.

"Ndugu Byarugaba," mgeni akasema, "watu wote wametoka?"

"Sijui, Ndugu."

"Hukupita kwenye nyumba?"

"Nimepita. Ni tupu. Lakini watu wote wako wapi, sijui."

Akacheka kidogo, akatazama saa. Akaniambia kwamba taifa halijengwi na watu wasiojua, na kwamba mtu anayechelewesha daraja ana jina lake, na jina hilo lina adhabu. Bwana Kamugisha alikuwa akitazama viatu vyake. Nilimfikiria mke wangu na watoto na mshahara, na mkono wangu kweli ulianza kuigusa bendera.

"Nauliza mara ya mwisho," akasema. "Wametoka, hawajatoka?"

Wanakijiji walikuwa wamefika karibu yetu, wamesimama, wamesikia. Ma Kokushubira alimtazama mgeni, akanitazama mimi. Kisha akageuka, akashuka polepole kwenye mteremko aliokuwa ameupanda, akafika kwenye mlango wa nyumba yake katika mstari wa kwanza, akaketi chini na kunyoosha miguu. Akafuata mzee wa nyumba ya pili. Wakafuata wengine, bila neno, kila mtu mlangoni kwake, mama na watoto mapajani, hadi mistari yote minne ikajaa. Wa mwisho kushuka alikuwa Mwenyekiti.

Nikawahesabu. Mara hii mara moja ilitosha.

"Sasa najua, Ndugu," nikamwambia. "Hawajatoka."

Kule chini kwenye mwamba Ta Kaijage, ambaye hakusikia lolote kati ya hayo, alingoja bendera muda mrefu. Alipoona haiinuki, akaanza kuzichomoa tambi zake moja moja na kuzikunja.